Nyuzi Ndani ya Jicho la Kushoto

Ninyi mnaougua na mnaouguza, nina neno kwenu.

Kabla ya kuugua nilikuwa afisa misitu. Nilishinda katika misitu ya miombo ya njia ya Tura, jioni nikarejea mtaani kwangu Ipuli na njaa ya mtu mwenye afya. Kisha utumbo ukatoboka. Nilipasuliwa, nikapewa antibiotiki nyingi, nikalishwa kwa mpira uliopitishwa kwenye mshipa wa shingo.

Kidonda kilipokaribia kufunga, homa ilirudi. Nilitetemeka hadi kitanda kikalia. Ndipo nikaanza kuona nyuzi za kijivu zikielea hewani. Nikigeuka, nazo ziligeuka, kwa kuchelewa kidogo. Nikifumba jicho la kushoto, zilitoweka.

Shangazi aliyeniuguza alininong'oneza, "Mwanangu, usimwambie daktari. Atasema umerukwa na akili. Hayo tuachie sisi, tutakusomea dua."

Niliogopa kuitwa mwendawazimu kuliko kufa. Hata hivyo, daktari alipouliza nimeamkaje, nilijibu, "Kuna kitu kinanitazama kutoka ndani ya jicho langu."

Hakucheka. Alilimulika jicho kwa kurunzi, akachungulia ndani.

"Ni fangasi wa jamii ya hamira. Wameingia kwenye damu, wamefika jichoni."

"Hamira!" shangazi alimaka. "Kwani mwanangu andazi?"

"Shikamoo, mama, nisikilize. Akiwa mviringo, huyu ni mpole. Anaishi kinywani na tumboni mwa watu wengi. Ana vinasaba vilivyolala. Akionja joto na damu, vinaamka, naye anajirefusha kuwa uzi unaopenya nyama. Ni yuleyule, umbo tu limebadilika."

"Marahaba," shangazi alijibu kwa sauti ndogo, akashika mkono wangu.

Mpira wa shingoni uling'olewa siku hiyohiyo, maana fangasi hao hujishikiza humo. Nilichomwa dawa ndani ya jicho, nikiiona sindano ikija. Nikameza vidonge kwa majuma mengi. Nyuzi zilififia, ukungu kidogo umebaki.

Namshukuru Mungu, madaktari na shangazi, ambaye alinisomea pia. Nawasihi: semeni mnachokiona, hata kikiwa cha kutisha. Ningenyamaza, ningezikwa na siri yangu.

Siku ya kuruhusiwa nilimuuliza daktari kama fangasi wameisha wote.

"Wa damuni, ndiyo. Wa kinywani hawamaliziki. Hata mimi ninao."

Tukatazamana, kila mmoja amefumba mdomo.