Vikaratasi vya Mama

Nikikwangua bukari, ugali wa kwetu, iliyoganda chini ya sufuria, ile harufu yake ya gundi inanirudisha nyumbani Kolwezi, na naona haya peke yangu jikoni.

Mama alikuwa Mrusi, muuguzi, baba alimwoa kule alikosomea. Kliniki ya mgodi ilitaka mtu anayejua Kiingereza. Basi mama aliandika majina ya Kiingereza kwenye vikaratasi, akavibandika kwa uji wa bukari: mlangoni, kwenye kikombe, kwenye kopo la chumvi, hata kwenye kiti changu. Kila asubuhi alipita akigusa kitu kimoja kimoja na kukisoma kwa sauti.

Siku moja wenzangu wa shule walimkuta.

“Mama yako anasoma sawa mutoto wa maternele!” mmoja akacheka, akimfananisha na mtoto wa chekechea.

Mama alipokwenda sokoni, nilivibandua vyote nikavitupa kwenye makaa ya jiko letu la mbabula.

Aliporudi, alipapasa alama nyeupe mlangoni, pale kikaratasi kilipotolewa.

“Ni nani alitosha bikaratasi?”

“Mi sijue, mama.”

Hakuuliza tena, wala hakuandika vingine. Jioni, mezani, hakuomba chumvi kwa lugha yoyote. Alinyoosha kidole tu, nami nikampa.