Ndevu za Papa Barthélemy

Papa Barthélemy, muuguzi wa wagonjwa wa kifua kikuu huko Pinga, alikuwa na ndevu za miaka kumi na tano, na heshima yake yote ilikaa humo. Mkufunzi Nicole alikuja na pikipiki kupima barakoa. Angepuliza dawa chungu kwa kila aliyevaa barakoa. Atakayeonja uchungu, barakoa yake inavuja, ndevu zinyolewe. Barthélemy akaapa moyoni hataonja kitu.

Nicole akapuliza.

“Iko muchungu, Papa?”

“Hata! Siko nasikia kitu,” akajibu, machozi yakimtiririka.

“Papa, hii njo ya kujaribu ulimi. Cache-nez, ile barakoa yenyewe, bado hatuyakuvalisha.”

Jioni wembe ukapita. Asubuhi mgonjwa mmoja mzee alitazama kile kidevu kitupu, akakataa vidonge.

“We kijana, uniitie Papa Barthélemy.”