Umande wa Kanini

Usimwone Kanini akienda kuchuma majani alfajiri ukadhani ana bidii kuwashinda wenzake wa Kibugu. Anakimbilia umande. Asubuhi kwenye michai kila mtu hulowa kuanzia kiunoni, na hapo hakuna wa kumuuliza mama wa watoto wanne rinda limelowa nini.

Shida ilianza alipomzaa Elphas, kitinda mimba wake. Akikohoa, mkojo. Akicheka, mkojo. Akipandisha sauti kwenye kwaya ya kina mama, wacha tu! Akaiacha kwaya, yeye aliyekuwa akiwaanzishia nyimbo. Jambo moja tu alilitaka duniani: kusimama mbele ya watu, mkavu, aimbe.

Daktari mmoja mjini akamwekea utepe wa wavu ndani, ushikilie njia ya mkojo. Miezi minane akawa mkavu. Akarudi kwaya, akaimba mpaka wifi yake, Lydiah, akatokwa na machozi. Haki, angeachwa hapo kungekuwa na ubaya gani?

Siku moja mumewe, Ireri, akaruka kitandani. "Mama Elphas, umeweka nini huko? Kinanidunga!" Kumbe Kanini mwenyewe alikuwa na maumivu wiki tatu, amenyamaza, akiogopa kuambiwa hana shukrani. Wavu ulikuwa umekula nyama ukatokeza.

Akapasuliwa tena, kikakatwa kipande. Kilichobaki kimeshikana na mwili.

"Mama, tukikivuta hicho tutaharibu zaidi," daktari akasema, macho kwenye faili.

"Na mkojo?"

"Unaweza kurudi."

Ukarudi, tena kuliko zamani, na maumivu juu yake. Ireri akahamia chumba cha watoto. Hagombi, hasemi, na kimya hicho kinamuuma Kanini kuliko kidonda. La kuvunda halina ubani.

Basi akabaki na umande wake. Lakini Januari hii mvua ilikatika, jua likawaka, majani yakaamka makavu. Jumatano asubuhi Lydiah, aliyekuwa akichuma mstari wa pili, akaanzisha wimbo wa kwaya kumchangamsha wifi yake. Kanini akajisahau, akaudaka, akaupandisha juu kabisa kama zamani. Wanawake wakageuka wakishangilia, "Imba, Mama Elphas!" Kisha macho yao yakashuka. Marinda yao yote yalikuwa makavu, isipokuwa lake, na Lydiah akauacha wimbo katikati.