Mashine Ilisema Hakuna Tofauti

Cheka ukitaka, lakini mimi nilikuwepo. Haikuwa ndoto wala malaria, na haikuwa usiku. Ilikuwa Jumamosi, saa tisa mchana, hapa Kasenga, mtaa wa Uvira, jua linawaka na pikipiki zinapita mbele ya mlango wangu. Watu wanadhani mizimu inangoja giza. Ya kwetu ingoje giza kwa nini, na wenyewe waliuawa asubuhi?

Ulikuwa wakati wa vita. Usiniulize vita gani. Uvira ukiuliza hivyo watu wanakucheka, maana hakuna anayejua vya kwanza viliishia wapi. Nilikuwa na kibanda cha kuchapa barua, kompyuta moja na printa moja, umeme wa jua. Nilisifika kwa jambo moja. Ndani ya kompyuta kuna sehemu inaitwa Comparer: unaipa maandishi mawili, nayo inakuonyesha yanapotofautiana. Kilichoongezwa kinatoka chekundu, kilichofutwa kinapigwa mstari. Watu waliniletea barua zao zikishapita kwa wakubwa, nami nawaonyesha pale walipochezewa. Nilijiona mjanja sana.

Wiki ile alikuja mwenyekiti wa komite ya wakimbizi, watu wa kijiji kimoja cha bondeni, kupita Bwegera. Kijiji chao kilikuwa kimeshambuliwa. Alileta orodha ya waliokufa, imeandikwa kwa mkono, isomwe kwenye misa ya Jumapili, kisha majina yaandikwe kwa rangi kwenye ubao wa kaburi. Niliichapa nikilia, niamini. Kesho yake akarudi na karatasi yake, akaweka kidole kwenye namba kumi na nne, akakishusha mpaka kumi na tisa.

"Hawa ondoa," akasema. "Balikuya juzi tu. Si batu ba hapa."

"Lakini balikufa hapa, papa."

"Mama, kazi yako iko kuchapa. Chapa."

Siku zile, ukitetea watu walioitwa wageni, uliitwa msaliti kabla jua halijazama. Nikayaondoa yale majina sita. Na ubaya wenyewe ni huu: namba zilikuwa zinapangwa na mashine, kwa hiyo zikajifunga zenyewe. Wa ishirini akawa wa kumi na nne. Hapakubaki pengo lolote. Tena sisi wachapaji tuna tabia yetu, hatuanzi ukurasa mpya, tunaandika juu ya ule wa zamani na kuuhifadhi vilevile. Orodha ya kwanza ikapotea hivyo. Ile ya mkono mwenyekiti akaikunja, akaondoka nayo.

Basi, Jumamosi hiyo akaingia mwanamke. Kitenge kimefifia, miguu ina vumbi la bondeni. Akakaa bila kukaribishwa.

"Mama, minye sijue kusoma. Nasikia mashini yako iko inajua kulinganisha karatasi mbili."

"Inajua. Leta."

"Moja uko nayo, ile ya kesho. Ingine nitakuambia na kinywa."

Nilidhani ametumwa kunipeleleza. Ningemfukuza, lakini alikuwa ameshaanza, nami vidole vikamfuata. Alitaja jina la kwanza, la pili, la tatu. Huyu alikuwa amevaa sweta ya dada yake. Huyu alikuwa anatoka kuchota maji. Huyu alirudi kuchukua mbuzi. Na mpangilio ulikuwa uleule wa orodha iliyopotea, hakukosea hata jina moja. Mtu asiyejua kusoma atajuaje nani ni wa tisa? Nikamwuliza.

"Njo bile tulianguka," akasema.

Ndivyo tulivyoanguka, mmoja baada ya mwingine: sikulitilia maanani lile neno. Nilimaliza kuandika, nikabonyeza Comparer. Majina yote yakabaki meusi, isipokuwa sita yaliyofuatana, mekundu. Nikaona haya. Nikamwuliza kwa sauti ya chini hawa ni nani wake.

"Hawa bane ni batoto bangu. Huyu muzee ni mama mukwe."

"Na huyu Mapendo?"

"Njo minye mwenyewe."

Ungekuwa wewe ungefanya nini? Mimi sikupiga kelele. Nilishika meza. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Alisema tu, "Peleka ile karatasi ku misa. Minye nikisema, habasikie. Batoto banauliza kama kesho bataitwa."

Nikamwambia nitaipeleka. Akashukuru, akatoka. Pikipiki moja ilikuja mbio, imebeba magunia. Haikupunguza mwendo, haikupiga honi. Ilipita palepale alipokuwa amesimama, na barabara ikawa tupu.

Nilichapa orodha yake. Jumapili nilikwenda kanisani na karatasi mbili ndani ya mfuko wangu. Mlangoni alikuwa amesimama mwenyekiti, amenyoosha mkono, na vijana wawili nyuma yake. Nilitia mkono mfukoni. Nilizijua karatasi zote mbili kwa kuzigusa tu, ya yule mama ilikuwa ndefu zaidi.

Nikampa yake yeye, ile fupi.

Msomaji alisoma vizuri. Alipofika wa kumi na tatu nilifumba macho. Akaendelea na aliyefuata, hata pumzi hakuvuta. Nyuma yangu, kwenye benchi ambalo halikuwa na mtu, nikasikia sauti ya mtoto: "Mama, bado siye?"

Sijapona tangu siku ile. Tulipokimbilia Burundi tuliandikishwa ili tupewe hema na unga. Niliona kwa macho yangu jina langu likiandikwa kwa mkono. Orodha ilipochapwa na kubandikwa, aliyekuwa mbele yangu yupo, aliyekuwa nyuma yangu yupo, namba zinafuatana, mimi simo. Nililala nje na wanangu. Nikadhani ni bahati mbaya. Tuliporudi, parokiani vilevile. Orodha ya wapiga kura vilevile. Siku moja niliomba karatasi ya mkono, ile yenye jina langu, na ile iliyochapwa, nikaziingiza mwenyewe kwenye mashine, herufi kwa herufi. Ilisema hakuna tofauti.

Wewe unayechapa, au unayeshika kalamu tu ofisini kwa wakubwa, sikia. Ukiambiwa ondoa mtu, usijifariji kwamba ni karatasi. Mimi nilikuwa na usiku mzima wa kurekebisha, na karatasi sahihi ilikuwa mfukoni mwangu. Wale watoto walikuwa wanataka kuitwa tu.

Kama huamini, basi fanya hivi. Nilipoanza kukuandikia haya, mstari wa kwanza kabisa niliweka jina langu, la ubatizo na la baba yangu. Rudi juu ukalitafute.