Mchanga wa Paka wa Mama Mkwe

Mimi ni fundi cherehani, na nashonea sebuleni, ghorofa ya tatu. Kwa hiyo ukiniambia nyumba yangu inanuka, umeniambia nguo zangu zinanuka. Bibi harusi mmoja alilinusa gauni lake, akakunja uso: "Fundi, humu mnafuga nini?" Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Akaondoka na gauni halijapigwa pindo. Wiki hiyo hiyo wateja wawili wengine wakaja kuchukua vitambaa vyao.

Mwenye makosa nilimjua: paka wa mama mkwe. Mama alihamia kwetu na sanduku moja na hilo dume lake, zito, lina kiburi, halitoki nje hata ulibembeleze. Nikasema bila kumung'unya maneno, "Mama, harufu isipoisha mpaka Jumamosi, paka anaondoka." Akamvuta paka mapajani. Mume wangu akajifanya hasikii.

Basi kazi ikawa yangu, si ya mwenye paka! Niliweka mchanga wa ujenzi, ukawa tope. Nikaweka maranda ya seremala, yakatapakaa hadi chini ya cherehani. Nikanunua ule mchanga wa dukani wenye manukato ya maua. Mheshimiwa akaunusa, akaupa mgongo, akaenda kukojoa kwenye zulia. Jamani, nililia kwa hasira nikilifua.

Mwenye duka akanicheka. "Paka hapendi marashi, mama. Chukua huu usio na harufu, unaoganda. Chota madonge asubuhi na jioni, na beseni ulioshe kila wiki." Nikafanya yote. Nikanyunyiza na magadi chini. Kisha nikapiga magoti, mtu mzima na heshima zangu, nikaingiza pua kwenye beseni la paka. Halinuki. Nyumba inanuka.

Jumamosi uvumilivu ukanishinda. Nilimtia paka kwenye kikapu, akanikwaruza mkono mzima, nikampeleka kwa dada yangu. Beseni nikalitupa. Nikafungua madirisha, nikapiga deki kila pembe. Mama alikaa kitandani kwake.

Jumatatu asubuhi nikaamka na harufu ile ile, tena kali zaidi.

Nilipandwa na mori. Nikanusa chumba kwa chumba, nikinung'unika, hadi nikaingia kwa mama bila hodi. Alikuwa amesimama kando ya kitanda, ameshika shuka lililolowa. Godoro lote lilikuwa na madoa, ya zamani na ya usiku ule. Nyuma ya mlango kulikuwa na ndoo ya matambara yangu ya kushonea, yamerowa mkojo, yamefunikwa kwa kanga.

"Kwa nini hukuniambia?" nilifoka. Nilitaka kuishusha sauti, ikakataa.

Mama hakuniangalia. Alikuwa akilikunja lile shuka bichi, polepole, pembe kwa pembe.

"Paka ulimpa mpaka Jumamosi, mwanangu," alisema. "Mimi ungenipa mpaka lini?"