Kopo la Dawa la Tonton Dieudonné

Ukifungua kidonge cha amoksisilini, kile cha rangi mbili chenye unga ndani, utasikia harufu ya yai linaloanza kuoza. Wengine hukunja pua na kumeza. Mimi hunirudisha Nyakasanza, nyumbani kwetu, moja kwa moja kwa Tonton Dieudonné, mtu niliyemdharau nikiwa bado na meno ya utoto na ambaye, Mungu anisamehe, sijaacha kumdharau mpaka leo.

Tonton, yaani mjomba, alikuwa kaka mkubwa wa mama. Alirudi kutoka machimbo ya dhahabu bila dhahabu yoyote, ila na kopo la maziwa ya unga lililojaa dawa za kila rangi, zimechanganyika kama maharagwe ya sokoni. Zilikuwa mabaki ya wachimbaji: waliopona, waliohama, waliokufa. Uganga hakuusomea hata siku moja. Lakini alivaa miwani isiyo na kazi, akawa anashika watu mkono huku akitazama dari, na mtaa mzima ukamwita Docta. Mwenye tumbo alipewa mbili nyekundu. Mwenye kikohozi alipewa mbili nyekundu na moja ya njano, na watu wazima wenye akili zao walitoka hapo wakishukuru.

Basi mdogo wangu Neema akaanza kutoka usaha katika sikio la kushoto. Alilia huku akijipiga kichwa, mwili ukiwaka moto. Mama alimbeba mgongoni hadi kituo cha afya, na muuguzi akampa vidonge vya rangi mbili, akamwonya avimalize vyote, hata homa ikishuka. Siku chache baadaye usaha ulikauka. Neema akaomba bugali na sombe ya majani ya muhogo, akaanza kunichokoza tena, nami nikafurahi kuchokozwa. Hapo ndipo Tonton alipoviona vidonge vilivyobaki.

"Mado, mutoto iko muzima. Weye unamulisha dawa ya bure ya nini?" alimwuliza mama.

"Yaya," mama alimjibu, kama kwetu anavyoitwa kaka mkubwa, "muganga alisema amalize yote."

"Muganga! Ule anataka tu urudie kununua. Homa iko wapi? Nionyeshe homa! Miye nimeona magonjwa kule machimboni, ule hajaona hata moja."

Baba alikuwa Mahagi kwenye biashara ya samaki, na kwetu dada mdogo habishani na kaka yake mbele ya watoto. Vidonge vikaingia koponi. Kesho yake Tonton alivipasua na kumwagia jirani unga wake kwenye kidonda cha mguu, ile harufu ikajaa uani. Jirani alituletea kuku wa shukrani. Firigisi alijitengea Tonton, kwa kuwa yeye ndiye docta.

Nilipokua nikajifunza kile ambacho yeye hakuwa na haja ya kukijua. Homa na usaha ni mwili wenyewe unapigana, na usaha ule umejaa askari wa mwili waliofia vitani. Dawa huja kuwasaidia. Huua kwanza vijidudu dhaifu, maumivu yanapungua, mtoto anarudi kucheza, kumbe wale sugu bado wamo ndani. Vidonge vya mwisho vilikuwa vya hao sugu. Hivyo hasa ndivyo Tonton alivyomnyang'anya mtoto, huku akijisifu, kwa sababu alichokuwa haoni kwa macho yake aliamini hakipo.

Homa ilirudi kali kuliko mwanzo. Shingo ya Neema ilikakamaa, akawa anatapika, akashindwa kumtambua hata mama. Tonton alikuja na kopo lake, akapekuapekua, akatoa mbili nyekundu.

"Yaya, toka mu njia," mama alisema. Sijawahi kumsikia na sauti ile, si kabla wala baada.

Hospitalini walimtundikia chupa ya serumu na kumchoma sindano, nasi tukasubiri uani, tukipika kwenye mbabula ya makaa na kusali. Wakamwokoa. Tuliporudi nyumbani mama alisimama upande wa kushoto wa Neema, akamwita aje kula. Hakugeuka. Mama akamwita tena, kwa sauti kubwa zaidi, kisha akakaa chini palepale mlangoni na kulia.

Sikio lile halikusikia tena. Tonton alisema ni uchawi wa watu wenye wivu, na mtaa ukaendelea kuja kwenye kopo. Nikiwa mtoto nilimchukia kwa ajili ya firigisi na miwani yake. Sikujua bado kwamba mtu anaweza kumharibia mtoto maisha na asikose usingizi.

Noeli iliyopita alikuwa mezani kwetu, mzee sasa, amekaa kushoto kwa Neema. Akawatangazia wakwe za Neema: "Huyu mutoto ni miye nilimuponesha." Wakwe wakampigia makofi. Kwa kelele za meza upande wa sikio lake zima, Neema hakusikia neno hata moja. Aliona tu kwamba mzee anamtazama, akamtabasamia kwa heshima na kumwongezea mchuzi.