Neno la Siri Nililomnyima Marehemu

Habari za kifo chake zilinikuta kwa kinyozi, huku Busia upande wa Kenya, nusu ya kichwa ikiwa imenyolewa na nusu ikingoja. Aliyenipigia ni daktari mwenye ile kliniki iliyo ng'ambo, upande wa Uganda, mama asiyepiga simu bila sababu. "Yule ndugu yetu wa Nagongera ametutoka," alisema. Wasomaji wangu wa siku zote mnanijua, kuremba maneno si kazi yangu, basi niseme jinsi ilivyokuwa. Kilichonijia kwanza moyoni hakikuwa huzuni. Niliwaza: haya, sasa watamsifu mpaka masikio yatuume. Nikamwambia kinyozi amalizie kichwa, nikaenda nyumbani, nikafunga mlango, na hapo ndipo nilipolia, tena kwa hasira.

Hatukuwa marafiki. Tulikuwa watu wa kazi moja, na hilo ndilo lililotuharibia. Wengi wenu mnadhani naishi kwa kalamu, kumbe kinachonilisha ni kutengeneza tovuti za maduka, shule na nyumba za wageni za hapa mpakani. Kwa miaka mingi nilikuwa peke yangu katika kazi hiyo, na ukisema "yule wa tovuti" ulikuwa unanisema mimi. Kisha akatokea yeye, Mjopadhola wa Nagongera, kule Tororo, Uganda, aliyepofuka akiwa mtu mzima kwa ugonjwa wa macho uliochelewa kutibiwa. Kompyuta alijifunza upya kwa masikio. Alikuwa na programu inayosoma kwa sauti kila kilichoandikwa kwenye skrini, kwa kasi ambayo mimi sikuambulia hata neno moja. Yeye aliisikiliza huku anatafuna njugu, kana kwamba anasikiliza mpira redioni.

Daktari alikuwa ameniomba tovuti ili wagonjwa wajue siku za kliniki kabla hawajapanda boda boda. Nilimtengenezea kitu cha kupendeza. Mlango wa kliniki peke yake niliupiga picha pengine mara arobaini, nikisubiri mwanga wa asubuhi ukae sawa. Na kwa kuwa sisi wa mpakani hatuamini tangazo mpaka liwe bango la rangi, lenye maua pembeni na nyuso zinazocheka, nilifanya tunavyofanya sote. Ratiba nzima, yaani siku ya kisukari, siku ya macho na siku ya akina mama, niliichora kama bango, nikaipandisha kwenye tovuti kama picha moja. Nilijiona fundi kwelikweli.

Siku moja daktari akatuita ofisini kwake sote wawili. Marehemu aliweka simu yake mezani, akaifungua tovuti yangu, akasema, "Sikiliza." Simu ikasoma: picha, picha, kitufe, picha. Ikanyamaza. "Banange, jamani, mwandishi," akaniambia kwa Kiswahili chake cha Tororo, "mimi nakuja kutafuta siku ya dawa, simu inaniambia picha. Sasa hii picha nitakunywa mara ngapi kwa siku?" Daktari alicheka mpaka akavua miwani. Mimi nikajibu neno ambalo hadi leo linanichoma, kwamba tovuti ni ya watu wanaoona, na asiyeona si ataletwa na mtu wake? Hakukasirika. "Ataletwa, ndiyo," alisema. "Lakini huyo mtu wake pia iko na shamba yake ya kulima."

Tangu siku hiyo akawa anakuja kukaa kwenye benchi la wagonjwa, akiwaomba mmoja mmoja wafungue tovuti kwa simu zao. Mzee mmoja mikono yake ilitetemeka, na kile kitufe changu kidogo cha kupiga simu kuomba nafasi kilimponyoka kila alipokigusa. Bibi mwingine alisema maandishi yangu ya kijivu, ambayo mimi niliyaona ya kistaarabu, yanafutika kabisa juani. Fundi viatu asiyesikia akaandika kwenye karatasi swali fupi: kwa nini ili kupata nafasi lazima upige simu? Marehemu aliyakusanya hayo yote kichwani, akamtajia daktari moja baada ya jingine bila kusitasita, nami nimesimama pale pale. Jamani, wivu! Nikajifanya nakohoa ili nisisikie. Nilikuwa ndani ya kazi yangu mwenyewe, na mtu asiyeona ndiye aliyekuwa ananitembeza.

Daktari akaamua kwamba marehemu aitengeneze upya, akaniomba nimpe neno la siri la kuingilia kwenye tovuti. Nikasema kesho. Kesho yake nikasema mtandao uko chini. Halafu kompyuta ikawa kwa fundi. Halafu nikazua msiba kwetu, na hakuna aliyekuwa amekufa. Muda wote huo neno lenyewe lilikuwa kwenye daftari mfukoni mwangu. Yeye alinipigia kila asubuhi, sauti yake ileile: "Mwandishi, umeamkaje? Ile kitu iko?" Laiti angenitukana hata mara moja! Ningepata sababu. Majuma mawili nilimzungusha hivyo, na niliposhika simu kumdanganya nilikuwa nasikia raha, nisiwafiche.

Katika majuma hayo siku ya kisukari ilihamishwa kutoka Jumatatu hadi Jumatano. Daktari aliniambia nibadilishe ratiba, nami nikabadilisha upesi, kwa bango jipya, picha tena. Kule Bulumbi, upande wa Uganda, kulikuwa na mama mmoja ambaye kisukari kilikuwa kimemla macho. Marehemu ndiye aliyemfundisha kutumia simu inayosoma. Mama yule alifungua tovuti kuuliza siku, simu ikamwambia picha. Akaja Jumatatu kama alivyozoea, dawa zikiwa zimemwishia tangu wiki iliyopita, na siku hiyo daktari alikuwa Tororo. Akaambiwa arudi Jumatano. Alishuka kwenye boda karibu na kwake, akatembea hatua chache, akaanguka njiani. Majirani walimbeba, akalazwa siku nyingi, na wanawe waliitwa waje kumwona maana haikujulikana kama ataamka. Aliamka, Mungu ashukuriwe. Daktari aliponisimulia alisema ni bahati mbaya tu. Mchana ule ule nilituma neno la siri. Marehemu akajibu, "Asante sana," na hakuna aliyeniuliza kwa nini siku hiyo na si nyingine.

Tovuti aliyoitengeneza niliidharau. Haikuwa na maua wala nyuso zinazocheka. Ilikuwa maandishi meusi makubwa, siku zimeandikwa kwa maneno, vitufe vipana, na mahali pa kuandika ujumbe kwa asiyeweza kupiga simu. Nilimwambia kila aliyenisikiliza kwamba inafanana na tangazo la mgao wa mahindi. Lakini watu waliitumia, wa Rubongi kule Uganda na wa huku kwetu, hata wenye macho mazima. Kliniki nyingine zikaanza kumwita. Katika mkutano mmoja wa wenye biashara yeye alitambulishwa kwa makofi, nami nikatambulishwa kuwa ni "yule aliyekuwepo kabla." Jumapili nilikuwa nakaa nyumbani kuzipekua kurasa zake nikitafuta makosa. Siku moja nilikuta herufi moja imeruka, nikashinda na furaha mpaka jioni. Ndivyo nilivyokuwa, mtu mzima na ndevu zangu.

Nilikusudia kumwambia ukweli kuhusu lile neno. Mara kadhaa nilifika mpaka Nagongera siku ya soko, nikamwona amekaa mlangoni kwake, njugu mkononi, nikageuka. Sikuogopa atakasirika. Niliogopa atanisamehe, kisha niwe na jambo jingine tena la kumwonea wivu. Nikawa najiambia iko siku.

Maziko yalikuwa Jumamosi. Walikuja wa magongo, walikuja wa baiskeli za magurudumu matatu, wakaja wasioona wameshikana mabega kwa safu. Mbele kabisa alisimama dada mmoja akiwatafsiria wasiosikia mahubiri kwa ishara. Nami nilifanya nini? Nilisimama nyuma ya turubai nikipiga hesabu ya watakaokuja kwenye maziko yangu. Yule mama wa Bulumbi alikuwepo, ameongozwa na binti yake hadi kaburini, akainama akasema maneno ambayo sikuyasikia. Nilijibanza nyuma ya watu mpaka alipopita.

Baada ya wiki daktari akaniomba niitunze tovuti, maana mwenyewe hayupo tena. Nikaingia. Wasiofanya kazi hii niwaeleze kwamba nyuma ya kila picha kwenye tovuti pana nafasi ya kuandika maelezo mafupi. Mwenye macho hayaoni, ila ile programu inayosoma huyatamka. Mimi nafasi hizo sikuwahi kuzijaza hata siku moja. Marehemu alikuwa amezijaza zote, kwa kuwauliza wauguzi. Picha yangu ya mlango hakuwa ameiondoa, na nyuma yake alikuwa ameandika: "Mlango wa mbele. Ngazi mbili fupi. Upande wa kulia hakuna kitu cha kushika, shika ukuta wa kushoto. Kiti cha magurudumu kipite lango la nyuma, karibu na tangi la maji. Gonga, muuguzi atafungua."

Mara arobaini niliupiga picha mlango ule, na sikujua kuwa una ngazi. Asubuhi yake nilivuka mpaka kwenda kuhakikisha, na niwaambie kweli, nilikwenda nikitumaini amekosea. Ngazi zilikuwa mbili. Upande wa kulia hapakuwa na kitu. Ukutani kushoto, usawa wa mkono, rangi imekwisha kwa kushikwa na watu. Nilisimama pale nikashika na mimi.

Kutoka hapo nilipanda boda hadi Bulumbi. Mama alikuwa uani anachambua maharage kwa vidole. Nilijitambulisha, nikakaa chini, nikamwambia yote: lile neno la siri, daftari mfukoni, msiba wa uongo. Alisikiliza bila kuacha maharage.

"Kwa hiyo ni wewe," alisema.

"Ni mimi, mama."

"Yeye alikuja hapa nilipotoka hospitali. Alikaa hapo ulipokaa. Alisema, mama unisamehe, kazi ilikuwa yangu na mimi nilichelewa. Hakutaja mtu." Akatupa punje mbovu pembeni. "Nilimfukuza, mwanangu. Nilimwambia, wewe ndiye ulinifundisha kuamini hii simu, halafu ukaniacha nianguke. Kila akipiga, sipokei. Mpaka amekufa, sijapokea."

Nikamuuliza alisema nini siku ile kaburini.

"Nilimwambia nimemsamehe," alisema, na sasa vidole vyake vikasimama. "Kumbe nilikuwa namsamehe kosa yako."

Hakunifukuza, wala hakuniambia kwamba yamekwisha. Aliuliza kama siku ya kisukari bado ni Jumatano, nikasema bado, nikaaga nikaondoka.

Msinitarajie niseme nimepona wivu. Mwenzangu yuko kaburini Nagongera na bado namwonea, kwa masikio yake, kwa uvumilivu wake, kwa watu wale wote walioshikana mabega. Nilichojifunza ni kidogo, nami nakiandika ili mwingine asikipate kwa bei niliyotoza watu wengine. Mwonee mwenzako wivu ukishindwa kujizuia, mseme pembeni, tafuta herufi iliyomruka ufurahi nayo Jumapili nzima. Lakini akikuomba kitu kwa ajili ya mgonjwa, mpe siku hiyo hiyo. Ukikizuia, atakayeanguka njiani ni mgonjwa, na atakayenyimwa salamu ni yeye, si wewe.